Taa ya Mkaja

Mtu mmoja alikuwa na taa zisizo zake. Jina lake Mkude, mkulima wa maharage huko milimani, na taa alizipata kwa mkataba: kampuni ya sola ilimfungia paneli juu ya bati, ikampa betri, balbu, redio na taa moja ya mkononi, naye alipe kidogo kidogo mpaka viwe mali yake. Akichelewa, mtu asiyemjua, aliye katika mji asioufahamu, humzimia nyumba nzima. Mkude aliona si neno. Nyumba ikiwaka, nani ataulizia karatasi?

Mwaka huohuo akaoa. Siku ya kupeleka mahari, washenga wakiwa tayari uani, aliuona mkaja, ile zawadi ya mama mzaa chema, ni mwepesi mno: doti moja ya khanga na blanketi, basi. Akaona haya. Akaingia ndani, akaichukua ile taa ya mkononi, akaiweka juu ya khanga. Lo! Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mama mkwe wake, Bi Semeni, akaitundika msumarini juu ya kitanda. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa, aliitwa yeye na taa yake, naye humwambia kila mzazi: huu ni mwanga wa mkwe wangu. Sifa hizo zilimfikia Mkude, naye akazipokea.

Kisha nguzo za umeme zikafika kijijini. Mkude alikuwa amechoka kuzimiwa taa kama mtoto anayeamriwa kulala, akataka kutoka katika mkataba. Wakala wa kampuni hakuwa na ubishi. Kutoka ni ruhusa, alisema, ila kila kilichotoka ndani ya boksi kirudi ndani ya boksi. Mkude akasema taa moja ataifidia. Wakala akatikisa kichwa: kikikosekana kifaa kimoja, mkataba unaendelea. Mkude angeweza kubaki na kuumaliza, aibu ikapita mbali. Lakini mtu akishaonja kutoka, kubaki humshinda.

Akapanda kwa wakwe zake peke yake, kwa kuwa mkewe Zena alikataa katakata kufuatana naye. Akaamkia. Akauliza habari za mvua, akauliza na habari za maharage, ambayo alikuwa ameyaona njiani kwa macho yake mwenyewe. Maneno yakamwishia. Akasema alichokijia, macho chini, akaahidi kuleta taa nyingine kubwa zaidi. Bi Semeni hakupaza sauti. Aliingia ndani, akaitungua taa, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Chukua, baba,” alisema. “Ila niambie mapema, vile vingine ulivyotuletea utavifuata lini? Nisije nikavizoea.”

Boksi likajaa, wakala akatia sahihi, Mkude akawa huru. Leo nyumba yake inawaka umeme wa nguzo, mkewe yumo, wala hakuna aliyemnunia. Ile taa kubwa aliyoahidi aliinunua kweli, akailipia yote palepale dukani, akaipeleka. Bi Semeni alishukuru sana. Akaiweka kando ya mlango, ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Hapo ndipo anapoweka kila anachopelekewa na mkwe wake: sukari, kitenge, hata mkungu wa ndizi ukaivia papo hapo, ili siku ya kuvifuata asipate taabu ya kuingia ndani. Mkude huviona kila aendapo. Moyo humuuma, wala hana wa kumshitaki.

Nanyi mnaonisikiliza: mkiamriwa kesho kurudisha kila kisicho chenu, mtaanza kubisha hodi mlangoni kwa nani?