Vivuli vya Rehani kwa Bibi Kakakuona

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zenu hawajaijua chupa, wanyama walichukua togwa yao kwa Bibi Kakakuona, ndani ya vibuyu. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi, maana baadaye hutacheka.

Bibi Kakakuona aliishi ukingoni mwa msitu, akipika togwa tamu ya mtama. Hakutaka mali ya mtu. Alitaka vibuyu vyake virudi, basi. Kwa hiyo kila aliyeondoka na kibuyu aliacha kivuli chake rehani. Bibi alikibandua ardhini, chwaa! kama unavyomenya ndizi, akakitundika ukutani. Ukirudisha kibuyu, unapewa kivuli chako.

Siku moja Kindi akaja mbio. Mwanawe Siwatu alikuwa na homa kali, midomo imekauka, kila anachopewa anatapika. Tangu asubuhi alikuwa akililia togwa.

"Hodi, Bibi! Nitilie togwa, mtoto ananifia!"

"Togwa ipo tele, mjukuu wangu. Vibuyu ndivyo hakuna. Tembo anacho, Nyati anacho, na wenzao wote. Hajarudisha hata mmoja. Nikutilie wapi, kiganjani?"

Kindi akatazama ukutani. Vivuli vilikuwa vimejaa, vinaning'inia kimya. Upepo haukuwapo, lakini kile kikubwa cha Tembo kiligeuka, kikamtazama. Kindi akatoka bila hata kuaga.

Alimkuta Tembo amejiegemeza mlangoni kwake. Kibuyu kimetupwa jalalani.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Una nini wewe, mbona unahema hivyo?"

"Mzee wangu, rudisha kibuyu cha watu. Mwanangu anaumwa, na hakuna cha kumtilia togwa."

"Mimi? Mzee mzima nikatize barabarani na kibuyu kitupu? Watu watanionaje? Halafu chombo cha jirani hakirudi kitupu, mama yako hakukufunza? Mimi sina cha kutia. Kitakaa hapo hapo."

"Na kivuli chako je?"

"Kivuli kinaliwa? Nenda zako!"

Jua lilikuwa limeinama, kila mti umelaza kivuli kirefu. Chini ya Tembo palikuwa peupe pee. Tena Kindi akaona jambo la kutisha zaidi: ukiyatazama masikio ya Tembo, unauona ukuta wa nyumba ulio nyuma yake. Alikuwa anaanza kuisha, na mwenyewe hana habari.

Kindi akalia kwa hasira, kisha akajipangusa. "Haya! Maneno ya kistaarabu hutaki." Tembo alipogeuka kuingia ndani, Kindi akajipenyeza kwenye kibuyu, chupu!

"Teeembo..." Sauti ikatoka nzito, kama ya mtu aliye kisimani.

Tembo akasimama. "Nani huyo?"

"Umesema chombo hakirudi kitupu. Basi nimeingia mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ninayejaza vilivyotupwa. Naona miguuni pako pana nafasi, hapana kivuli. Nitakaa hapo mimi. Ukifumba macho tu, natoka."

"Lahaula! Usitoke! Nakuomba, usitoke!"

"Basi nirudishe kwa Bibi. Mbio!"

Tembo akakinyanyua kibuyu kwa ncha ya mkonga, akakiweka mbali na uso, akatimua mbio, tifu! tifu! tifu! Wanyama wote wakamwona mzee mzima na kibuyu kitupu barabarani. Hakujali.

"Bibi, chukua kibuyu chako! Kina mtu!"

Bibi akakipokea, akakitungua kivuli kikubwa. Kikateleza sakafuni, kikajibandika miguuni mwa mwenyewe, na Tembo rangi ikamrudia. Hapo Kindi akachomoza kichwa. "Nitilie haraka, Bibi!"

"Kumbe ni wewe, kidudu!" Tembo akanyanyua mguu. "Leo nakusaga!"

Kabla mguu haujashuka, mlango ukasukumwa, puu! Nyati huyo, macho yamemtoka pima, kibuyu amekitundika kwenye pembe.

"Bibi, nitolee kitu hiki! Kinaniita! Kinaniita jina langu la utotoni!"

Tembo akaushusha mguu taratibu. "Kindi, na humo uliingia saa ngapi?"

"Mzee, mimi kwa Nyati sijafika."

Wote wakakigeukia kibuyu. Ndani ya kibuyu cha Nyati kitu kikakohoa, kho, kho, kikohozi cha kikongwe.

Bibi Kakakuona hakushtuka. Alikiziba mdomo kwa gunzi, akakikaza kwa kamba, akakisukumia uvunguni, kisha akampa Nyati kivuli chake.

"Nawaambia kila siku," akasema. "Mlidhani navitaka vibuyu vyangu kwa uchoyo?"

Akakisuuza kile cha Tembo, akakijaza togwa. Kindi akabanduliwa kivuli, chwaa! akakimbia bila kugeuka nyuma.

Siwatu akanywa, kwanza kidogo, halafu kwa pupa. Jasho likamtoka, homa ikashuka, akafumbua macho. "Mama, niongeze."

"Subiri, mwanangu. Nakipeleka kwanza!"

Akakiosha kibuyu palepale, akatoka nacho mbio, kitupu hivyo hivyo, mbele ya macho ya watu. Njiani akawakuta Fisi, Twiga, Ngiri na wengine wengi, kila mmoja amekumbatia chake, wanasukumana wawahi. Hakuna aliyeona haya, na hakuna aliyethubutu kuchungulia ndani.

Nanyi wanangu, chombo cha watu kirudisheni hata kama ni kitupu, kabla hakijajazwa na msichokijua.