Aliyeanza Kugomea Maharage

Basi paliondokea chuo kikuu kimoja, maharage ya bwaloni yana wadudu mpaka mlaji hajui anakula mboga au nyama. Wanafunzi wakagoma kula. Mkuu wa Chuo, Profesa Mwaipaja, akamwita mwakilishi wao, Sikitu, kasichana kembamba, ulimi asali.

"Nitajie aliyeanza kugomea maharage, au kesho unafungasha wewe."

"Nitamtaja, Profesa. Na wenzake je?"

"Hao nawasamehe."

"Na yeye adhabu yake? Itangaze mbele ya bodi, baba, watu wasije wakamwombea."

Profesa akapanda jukwaani na joho lake, wanabodi mbele, wanafunzi nyuma. Akanguruma, "Aliyeanza, awe nani, awe mtoto wa nani, atakaa jikoni na ungo, achambue maharage ya chuo kizima mpaka muhula uishe."

Wanabodi wakapiga makofi, Sikitu akawashinda. Kisha akamgeukia mpishi mkuu.

"Bi Hidaya, mamangu, wewe ndiye unayepakua. Nani wa kwanza kuyakataa maharage yako?"

Bi Hidaya akajifuta mikono kwenye kanga. "Si ni huyo Profesa! Siku anafungua bwalo nilimpakulia sahani, akaniambia, 'Hayo wape wanafunzi, mimi niletee kuku.'"

Wanabodi wote wakamgeukia Profesa. Sikitu alikuwa ameshatandika mkeka.

"Karibu, baba," akamwambia. "Anza na gunia hili, watoto wana njaa."