Kuni za Karamu ya Raya

Hapo zamani, na wewe usinikodolee macho kama nimekuibia, palikuwa na kijiji juu ya mawe matupu. Miti migumu ilikwisha. Kuni za mgunga zilikuwa ghali kuliko nyama, na watu hawakuaminiana hata kwa kijiti.

Shaame alikuwa anamwoa Raya. Kwa mila yao mwoaji ndiye aletaye kuni za karamu, na mzigo haufunguliwi mpaka asubuhi ya kupika, kwa kuogopa mikono ya majirani. Basi Shaame akaenda kwa Mzee Faki, muuza kuni. Akagonga vigogo vya nje kwa jiwe. Ti! Ti! Mgunga huo, mkavu.

"Na vya katikati, Mzee Faki?"

"We mwanangu, umekuja kununua au kunipeleleza?"

Shaame akanunua, lakini roho haikutulia. Njiani akawaza: hawa wakwe zangu watapikia kidogo, nyingi watazificha. Akachomoa nusu ya vigogo vya nje, akavisukuma uvunguni kwa mamake.

Mzigo akaupokea mpishi, Bi Mize, nyumbani kwa kina Raya. Naye akawatazama wenye nyumba mmoja mmoja. Hawa! Nikisinzia tu, kuni zimekwenda. Akaumwagia mzigo ndoo ya maji, maana kuni zilizorowa haziibwi.

Asubuhi wakafungua. Lahaula! Katikati msufi mtupu, mti laini unywao maji kama sifongo, tena umejaa maji. Moshi, machozi, wali una kiini, haukuiva. Na wageni wameshanawa mikono!

Mjomba wa Raya, Hamadi, akasimama mlangoni. "Mmenivua nguo mbele za watu. Namtaka mwenye kosa, mmoja tu, aombe radhi hapa. Akiwa muuza kuni, asiuze tena kijijini. Akiwa mpishi, aweke mwiko chini. Akiwa mwoaji, ndoa hakuna."

Ndani Raya akaangua kilio, maana alimpenda Shaame wake kwa dhati.

"Msufi nimeutia, sikatai," akasema Faki. "Kila mnunuzi hapa hunipunja, nami najihami. Lakini mgunga wa nje ungetosha kuivisha. Nani kauchomoa?"

"Mimi," akasema Shaame. "Lakini vya katikati nilimuuliza Mzee, akanikemea; nikadhani ni mgunga!"

"Ulidhani?" Bi Mize akamkata. "Si ulishuku, ukanyamaza?"

"Na maji haya, mama, nani kayamwaga?" akauliza Shaame.

"Nimeyamwaga mimi! Mgunga ukirowa juu hukauka upesi. Nijue kwa ndoto kwamba mmeniletea msufi?"

"Msufi mkavu huwaka, Bi Mize," Faki akanong'ona.

Hamadi akaushika ufunguo wa chumba cha Raya, akangoja.

Haya, nyinyi hodari wa kuwashuku wenzenu, semeni, na Raya anawasikia: je, nani aombe radhi?