Nyati na Mguu wa Kushoto

Sogeeni, sogeeni hapa. Ngano hii nilipewa na shangazi yangu Tabu, dada yake baba, tukipukuchua mahindi jikoni kwake. Alikuwa hakupi ngano mpaka mikono yako ifanye kazi. Basi kila mtu ashike hindi lake. Mwajabu, mpishe mdogo wako akae.

Nikisema "Ngano inabisha hodi," nyie semeni "Ipite, ikae!"

Ngano inabisha hodi!

Ipite, ikae!

Kwani hamjala nyie? Ngano inabisha hodi!

Ipite, ikae!

Haya. Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa hawana mkubwa. Kila mtu na lake. Akatokea Simba, akakaa palepale kwenye njia ya mtoni. Ukienda kunywa, hurudi. Watoto wakalia kiu, mama zao wakalia nao.

Akasimama Nyati. Akasema, "Mimi nakwenda."

Wakapigana, wakapigana, wakapigana, vumbi mpaka juu ya miti. Simba akashindwa, akakimbia. Lakini Nyati naye alirudi anachechemea, paja la kushoto limechanika, damu inatiririka.

Wanyama wakamzunguka. Wakamwambia, "Baba Nyati, umetuokoa. Tutakubeba mpaka mguu wako upone. Na sisi tukikubeba, wewe ndiye mkubwa wetu, utakalosema tutalifanya."

Nyati akalia machozi. "Asanteni, wanangu." Alikuwa mtu mzuri siku ile, nisimsingizie.

Wakafunga machela kwa miti miwili na kamba za magome. Mbele wakashika Nyumbu na Mama Ngiri. Nyuma wakashika Pundamilia na nduguye. Na Mama Ngiri mnamjua alivyo mfupi. Machela ikawa inainamia kwake, uzito wote ukamwangukia yeye.  Akabeba, wakaimba. Pigeni makofi:

*Inueni, polepole,*
*mguu wa kushoto wamuuma,*
*alitupigania Nyati,*
*inueni, polepole.*

Basi, mguu ukapona. Kidonda kikafunga, manyoya yakaota juu yake. Lakini Nyati alikuwa ameshaonja kulala kivulini na kuletewa majani mpaka mdomoni. Kila wakitaka kumshusha, anapiga kelele, "Oo, mguu wangu!" Na kale kandege kanakokaa mgongoni kwake kudonoa kupe, nako kanaitikia, "Mguu wa Baba! Taratibu, nyie washamba!" Maana Nyati akinenepa, na kupe wananenepa.

Wakabeba, wakabeba, wakabeba. Mabega yakatoka vidonda. Nyumba zao wenyewe zikabomoka, hakuna wa kuzitengeneza.

Sasa siku moja wingu likafunga. Mama Ngiri akaliona, akashtuka. Alikuwa na wanawe wachanga, amewaacha kwenye shimo la bondeni. Mvua ikinyesha, shimo lile linajaa maji. Ilimpasa achimbe jingine huko juu, kabla ya mvua.

Akasema, "Shikamoo, Baba Nyati."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba ruhusa nikawachimbie wanangu shimo. Nitarudi leo hii."

"Kwanza nipelekeni mtoni nikanywe."

Wakampeleka. *Inueni, polepole.* Akanywa.

Wingu likawa jeusi. Mama Ngiri akasema, "Baba Nyati, nakuomba kwa mara nyingine. Wanangu hawajui kuogelea."

"Kwanza nipelekeni mlimani nikapunge upepo."

Wakampeleka. *Inueni, polepole.* Akapunga upepo, akacheua, akasinzia.

Radi ikalia, gruu! Mama Ngiri akapiga magoti. "Baba Nyati, nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake. Mvua hiyo inakuja."

Nyati akafungua jicho moja. "Kwanza nipelekeni kwenye majani mabichi. Na mnibebe vizuri, mguu wangu, oo, mguu wangu!" Akaushika mguu.

Wakainua, wakaimba: *mguu wa kushoto wamuuma…*

Mama Ngiri akageuza shingo. Akautazama mguu ulioshikwa.

"Baba Nyati, mguu unaouma ni upi?"

"Si huu hapa! Huoni nimeushika?"

"Huo wa kulia, Baba. Wimbo unasema wa kushoto."

Nyati akatazama mguu. Akatazama mwingine. Kandege kakakohoa.

"Basi badilisheni wimbo!" akafoka Nyati.

Mnacheka? Nyumbu hakucheka. Nyumbu mwoga alianza kuubadilisha palepale: *mguu wa kulia wamuuma…* Akaimba peke yake. 

Mama Ngiri akautua mti chini. Puu!

"Mama Ngiri!" Nyumbu akapaza sauti. "Huyu ni mkubwa wetu! Tuliahidi!"

"Tuliahidi mpaka mguu upone, Nyumbu. Nao umepona mpaka mwenyewe kasahau ulikuwa upi. Siku aliyotupigania nilimbeba kwa mapenzi. Leo wanangu wanakufa maji, na anayenizuia ni yeye."

Nyati akapandisha sauti. "Simba akirudi je? Mtamwita nani?"

Hapo wote wakaogopa kidogo. Pundamilia akafikiri. Akasema, "Simba akija leo, Baba, atakukuta umelala, na sisi tumebanwa na miti mabegani. Atatula kwa nafasi." Naye akatua. Nduguye akatua. Nyumbu akabaki kashikilia pembe moja ya machela peke yake, macho yamemtoka.

"Tua, bwana wee," Pundamilia akamwambia, "utavunjika mgongo."

Akatua.

"Sishuki!" akasema Nyati. "Siwezi kutembea!"

"Hashuki!" kakasema kandege.

Kumbe machela imetua wapi? Juu ya njia ya siafu. Siafu wanahama mvua, wana hasira, hawamjui mkubwa wala mdogo. Wakapanda machela. Nyati akajikuna kidogo. Akajikuna tena. Macho yakawa makubwa. Kandege, prrr, kakaruka zake, hata kuaga hakakuaga.

"Yoo! Yoo! Yoooo!" Nyati akaruka juu, akakimbia. Mguu wa kulia unakimbia, mguu wa kushoto unakimbia! Alipita vichaka, alipita mawe, akajitumbukiza matopeni mpaka masikio. Wanyama walicheka mpaka wakakaa chini. Nyumbu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mama Ngiri hakukaa kucheka. Mvua imeshashuka. Alikimbia mkia juu, wima kama fimbo. Akakuta maji yamewafika wanawe tumboni. "Tokeni! Fuateni mkia wangu!" Wakaufuata kwenye majani marefu mpaka juu.

Lakini shimo halijachimbwa, na watoto wanatetemeka kwa baridi. Akachimba kwa meno. Pundamilia akaja, akachimba kwa kwato. Nyumbu akaja, akachimba. Chini mwamba, kazi haiendi.

Wakasikia nyuma yao mtu anapumua, hoo, hoo. Nyati, matope mwili mzima, uso chini.

Wakatazamana.

"Mama Ngiri," akasema, "sogea kidogo. Nina pembe."

"Hutachoka, Baba, na mguu wako huo?"

"Usinicheke, mama. Hata huko kulala nilikuwa nimechoka nako."

"Haya, karibu. Chimba."

Akachimba, akang'oa mawe kama anang'oa viazi. Watoto wakaingia, wakakauka, wakalala.

Nyati akabaki mkubwa wao, lakini mkubwa wa kutembea kwa miguu yake. Na mpaka leo akikumbuka siafu hukimbilia matopeni. Naye Ngiri mpaka leo akikimbia mkia uko juu, watoto waone pa kufuata.

Wajukuu zangu, mkubwa wako mheshimu, na akiumia kwa ajili yako mbebe. Lakini ukimwomba kwa adabu, ukamwomba tena na tena, naye anakunyima hata nafasi ya kumwokoa mwanao, basi kutua mzigo si utovu wa adabu. Na ukishautua usimpige. Mwachie nafasi aje achimbe.

Ngano yangu imenyanyuka, imekwenda zake. Tamu yake laleni nayo, magunzi niachieni mimi.

Haya, kulala! Kila mtu kwa miguu yake, leo habebwi mtu. Na wewe Sefu, mguu unaochechemea ni upi? Jana si ulikuwa ule mwingine?