Sauti ya Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu zetu waliisikia tu, palikuwa na kijiji kilichokaukiwa na maji. Kisima kilikuwa kimeanzwa, lakini hakijafika majini. Wanaume watatu waliingia kukichimba, mmoja baada ya mwingine. Wote walitolewa kwa kamba, wazima wa mwili. Ila hawakusema tena. Walikaa vizingitini, wakitazama viganja vyao.

Wa tatu aliitwa Mshamu. Dada yake alikuwa Bibi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu, mjane mwenye mvi na mzaha mwingi.

Ikaamuliwa watu wahame, na wasioinuka waachwe. Bibi Sikudhani akamwuliza kaka yake kama atakwenda. Mshamu akazidi kutazama viganja vyake. Basi akatwaa sululu, akawaomba wazee siku saba. Wakamwambia amezeeka mno, atafia humo. Akawajibu kwamba kaburi lake lazima lichimbwe na mtu, afadhali aanze mwenyewe. Watu wakacheka huku wanaogopa.

Akashuka. Ndu! Ndu! Ndu! Siku ya kwanza akachimba dhiraa moja. Siku ya pili, dhiraa na shubiri. Ndu! Ndu! Ndu! Kila siku akaishinda jana yake.

Siku ya saba, jua la utosini, sululu ikapiga bila mlio. Kisha sauti ikatoka chini ya nyayo zake, taratibu.

"Umechoka, Sikudhani. Kaa."

Nywele zikamsimama. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Yake kabisa, hata kikohozi.

"Hakuna maji. Kaa tu."

Akaona raha ya kukaa. Akainama, akainama, udongo baridi ukamgusa mapaja. Hapo akacheka. Akacheka mpaka machozi.

"Nimechoka kweli," akasema. "Lakini kama una sauti yangu, basi una mikono yangu pia. Miaka yote umekaa bure. Chimba wewe huko, nami huku, tukutane."

Halafu, kutoka chini: ndu. Ndu. Ndu.

Walio juu wakasikia sululu mbili. Wakaivuta kamba. Bibi Sikudhani akatoka amelowa hadi kiunoni. Kwenye mpini wa sululu palikuwa na alama za mikono minne.

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Akachota maji kwa kata, akampelekea Mshamu. Mshamu akanywa, akamkazia macho, akasema neno lake la kwanza tangu atoke kisimani.

"Ulichimba na nani?"

"Mimi na mimi."

Mshamu akatabasamu. Kesho yake akashika jembe, na kijiji hakikuhama.

Ndugu zangu, uvivu humjia mtu kwa sauti yake mwenyewe. Usigombane nao. Ucheke, kisha uupe kazi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye kiu akachote.