Wahusika Wamegombana

Leo sitaki mniamini. Anayetaka kubisha abishe tangu sasa, na wazee wa kanisa watangulie, maana kubisha mmezoea. Nawaambia kulikuwa na mama mmoja asiyeona aliyefukuzwa na televisheni katika nyumba ya mwanawe wa kumzaa. Haikumwangukia, haikumpiga shoti. Ilikata picha tu, na yule mama akafunga mzigo wake. Naona mnatazamana. Tazamaneni. Mimi darasa la saba sikulimaliza, na bado kipaza sauti mmenipa mimi mkawaacha wenye vyeti pale nyuma wanajipepea. Kaeni niwaonyeshe kwa nini.

Kulikuwa na mwanamke mmoja fundi cherehani, mumewe fundi wa kuchomelea mageti. Wana mtoto mmoja, Tunu, yuko shule ya bweni, kwa hiyo mtaani wanaitwa Mama Tunu na Baba Tunu, nasi tuwaite hivyo hivyo. Baba Tunu alikwenda kijijini kumchukua mama yake, kwa sababu macho ya mama yalikuwa yamekwisha kabisa, na mara ya mwisho alipojipikia peke yake alishika kaa la moto akidhani ni kipande cha muhogo. Bibi hakutaka kuja. Mnawajua wazee wa aina ile, ukimpa maji anauliza kwanza yametoka kwa nani. Mwisho akasema, "Nitakuja. Ila siku nikitamka kwamba nimechoka, mnirudishe, na asinibishie mtu." Mwanawe akakubali, kama tunavyokubali wote jambo tunaloamini halitafika.

Na kwa kweli halikuwa na dalili ya kufika. Nyuma ya televisheni yao kulichomekwa kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, kinachovuta intaneti. Kisanduku alikinunua Baba Tunu, na mtaa mzima ulijua, maana aliita majirani waje wakishike kwa mikono yao. Ndani ya kisanduku mlikuwa na app, na app hiyo alilipia Mama Tunu kwa mashono yake. Ndani ya app ndimo ilimokuwa tamthilia. Binti mmoja, Zawena, ameolewa katika nyumba ya watu waliomfungisha baba yake jela, na hajui.

Kila jioni Mama Tunu alikaa kwenye kochi, mama mkwe ubavuni, akamsimulia.

"Zawena anaingia jikoni, mama. Wifi yake yuko nyuma ya mlango. Kamwangalia kwa jicho lile."

"Lipi?"

"Lile la mteja aliyeona kitambaa chake hakitoshi."

Bibi anacheka mpaka anashika mbavu. "Ameshajua?"

"Bado, mama."

Baba Tunu naye, anayejifanya mambo ya tamthilia ni ya wanawake, anakaa upande wa pili akisahihisha: siyo wifi yule, ni binamu. Hivyo ndivyo walivyoishi. Bibi akanenepa.

Sasa sikilizeni, wale wa nyuma acheni simu. Jioni moja Mama Tunu anawasha, picha hakuna. Kuna maandishi tu. Bibi akauliza mbona kimya, Mama Tunu akamsomea: "Huduma hii haipatikani kwa sasa kutokana na kutoelewana kwa wahusika. Tunaomba radhi."

"Wahusika wamegombana?" bibi akasema. "Nani na nani? Zawena na wifi yake?"

Walicheka wote watatu. Baba Tunu akamweleza mama yake kwamba wahusika hao siyo wa kwenye tamthilia. Ni wenye kisanduku na wenye app, matajiri wa mbali, wanagombania nani ale fungu kubwa la matangazo.

"Wanatujua sisi?" bibi akauliza.

"Watujue wapi, mama."

"Basi hawakutukosea. Wasiokujua hawakukosei."

Lakini kesho yake maneno yakaingia nyumbani. Wenye kisanduku waliandika kwenye kioo: wapigieni wenye app, waambieni waache tamaa. Wenye app wakatuma ujumbe kwenye simu ya Mama Tunu: kisanduku chako kinakunyima haki yako, hamia kingine. Niwaulize nyie mliosoma: mtu aliyekufungia mlango, anapata wapi ujasiri wa kukutuma ukamgombeze mwenzake?

Wale wawili hawakujiuliza.

"Wenzako wamezidi tamaa," Baba Tunu akasema.

"Wenzangu? Nina hisa kule?"

"Si wewe uliyewaleta humu ndani."

"Na wewe umeleta bawabu. Kazi yake kukaa mlangoni na kusema huyu aingie, huyu asiingie."

"Kitoe basi."

"Nakitoaje? Kimeshikwa na mtaa mzima."

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu ilikuwa kweli. Fundi wa kuchomelea akakaza shingo. Akaapa kisanduku hakitoki nyuma ya televisheni hata kama kitaonyesha ukuta. Mama Tunu naye akaapa app yake haiachi, akaifungua kwenye simu, akachomeka spika za masikioni, akahamia chumba cha cherehani. Bibi akabaki kwenye kochi katikati, uso unageuka kushoto, unageuka kulia, unatafuta sauti.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema moyoni, wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Kaa nayo hiyo methali, mtumishi, itakusaidia kwenye harusi. Mimi nawaonyesha nyasi zilizojigawa, hizi za tembo huyu, hizi za tembo yule, zikaanza kukatana zenyewe. Tembo hata hawajafika.

Baba Tunu, ili kuonyesha kwamba kisanduku bado kina faida, akawa anaangalia chochote kilichobaki ndani yake. Aliangalia mbio za baiskeli za nchi za watu. Hajui nani anashindana, hajui wanaelekea wapi. Anaangalia kwa hasira.

"Ameshajua?" bibi akauliza.

"Mama, hii ni baiskeli."

"Haya. Na hiyo baiskeli ina siri gani?"

 Bibi akainuka, akapapasa ukuta, akaufuata mlio wa cherehani. Ila alipofika, cherehani ilikuwa imesimama. Mama Tunu alikuwa ameinamia simu, maana Zawena ndiyo kwanza amekutana na mfungwa aliyelala seli moja na baba yake. Bibi akasimama mlangoni.

"Mama Tunu. Ameshajua?"

Msiseme hakusikia. Alisikia. Neno lilipenya pembeni ya spika. Lakini alikuwa amefika pale pa kuziba pumzi, na hakutaka kupitwa. Basi, bila kuinua macho, akainua kidole. Ngoja kwanza.

Wapendwa, kidole. Kumwonyesha asiyeona.

Bibi alisubiri jibu. Akasimama pale ameshika fremu ya mlango, uso umeelekea kwenye cherehani, na kidole kimesimama hewani mbele yake. Mama Tunu alipokuja kukitazama kile kidole chake na kuelewa alichofanya, bibi alikuwa ameshageuka. Angeweza kumfuata. Akajiambia, sehemu hii ikiisha. Ikaisha, ikaanza nyingine.

Jioni iliyofuata bibi alitoka chumbani na mfuko wake wa nailoni, khanga zimekunjwa ndani, akauweka karibu na mlango. Akasema neno moja.

"Nimechoka."

Baba Tunu alizima baiskeli zake. Mama Tunu alitoka na simu mkononi, spika moja sikioni, nyingine inaning'inia. Wote wawili walilijua lile neno na ahadi yake. Na wote wawili waliona kwa pamoja lile jiko la kijijini, ule mkono ndani ya moto. Mngetegemea wafanye nini? Mngesema wapige magoti. Ngojeni.

"Umeona?" Baba Tunu akamwambia mkewe. "Wenye app wako wamemfukuza mama yangu."

"App ipo mkononi kwangu, inafanya kazi. Muulize huyo bawabu wako."

"Nawapigia sasa hivi. Leo watanijua."

Akapiga, akaweka sauti ya nje ili mkewe asikie anavyowapasha. Muziki ukalia. Bonyeza moja. Bonyeza mbili. Mwisho akapokea binti mwenye sauti ya asali. "Pole sana kwa usumbufu, mteja wetu. Bado tunaendelea na mazungumzo na wahusika."

Bibi akasogea mpaka akauona mkono wa mwanawe kwa vidole vyake. Akaushika.

"Kata simu, baba. Huyo binti atahangaika bure. Wahusika anaowatafuta wako humu ndani."

Simu ikakatwa.

"Mimi nina macho?" bibi akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Kioo kikiwa na picha, mimi kinanipa nini? Kikizima, kimenizimia nini? Hao matajiri wenu wangekichukua kisanduku, wakachukua na televisheni, na meza yake, mimi nisingejua kama kuna kitu kimetoka. Niliyekuwa namwangalia ni Mama Tunu. Huyo nani kamfunga?"

 Mama Tunu alichomoa ule waya wa spika, na simu ikaanza kusema peke yake katikati ya sebule. Wanawake wawili walikuwa wanalia humo ndani. Akanyoosha simu kuelekea kwa mama mkwe.

"Sikiliza, mama. Ndiyo pale pale. Nitakusimulia tangu ulipoachia."

"Nimesema neno, mwanangu," bibi akamjibu. "Na tulikubaliana asinibishie mtu."

Hawakumbishia. Asubuhi Baba Tunu alibeba mfuko wa nailoni akampeleka mama yake kwenye lile jiko.

Juma lililofuata matajiri walipatana. Walikula chakula pamoja huko kwao, wakapeana mikono. Kwenye sebule ya Mama Tunu picha ikarudi yenyewe, na maandishi juu: "Wahusika wamefikia makubaliano. Karibu tena." Mume na mke walikaa kila mtu ncha yake ya kochi. Katikati hapakuwa na mtu. Zawena alijua jioni hiyo. Hakuna aliyemsimulia mwenzake.

Basi ndiyo sisi hao. Sisi tunachukua ugomvi wa watu wasiotujua, watu ambao siku ya msiba wetu hawatatuma hata mwakilishi, tunauleta ndani, tunauvulia viatu, tunaukaribisha mezani. Kuna nyumba humu, siangalii upande, watu hawasemeshani kwa sababu ya timu mbili za mpira ambazo wachezaji wake wanakula pamoja hotelini. Kuna wengine humu wamehama safu ya viti kwa ajili ya wanasiasa wawili ambao watoto wao wameoana. Tunasema tumelazimishwa. Tunasema, mimi ningefanyaje, wameshafunga. Sawa, kisanduku kilifungwa. Je, mdomo wako alifunga nani? Mkubwa anaweza kukunyima picha. Kumnyima mama yako neno, hiyo kazi hana mkono wa kuifikia. Hiyo unamfanyia wewe, bure, bila hata kuajiriwa. Na ukiulizwa unainua kidole.

Naona mnatikisa vichwa. Mmeanza kuamini. Mzee wa mbele hata miwani ameivua. Kwa hiyo ngoja niwaambie kitu nilichowaficha, na sikukisahau, nilikificha kwa kusudi.

Juma lile la kwanza kabisa bibi alipokuja, kabla matajiri hawajakosana, Mama Tunu alimuuliza akimtandikia kitanda, "Mama, lakini hii tamthilia unaielewa?" Bibi akamjibu, "Hata kidogo. Majina yananichanganya, sijui nani kamzaa nani. Wewe nisimulie tu. Tangu baba yao afe, hakuna mtu aliyekaa akanisemesha mpaka nikashikwa na usingizi."

Mama Tunu aliyasikia hayo, akamfunika shuka. Alijua tangu mwanzo. Sikuwaambia mapema kwa sababu mngemhukumu yeye pale pale, na mimi nilitaka kwanza muwakasirikie wenye kisanduku na wenye app, kama alivyowakasirikia yeye.

Na mliwakasirikia. Nilikuwa nawaangalia.