Mfano wa Hati ya Shemeji

Tangawizi ilipopanda bei, tajiri Senzighe alimkumbuka ghafla Nakiete, mjane wa marehemu kaka yake. Alimfuata kwenye shamba lake la tangawizi na mwanasheria mmoja aliyependa kugonga muhuri kuliko kula.

"Shemeji, umezeeka. Weka dole gumba hapa niwe mwakilishi wako. Nitakaloamua mimi, umeamua wewe. Ukikataa, kesho unahama nyumba ya kaka yangu."

"Nikatae nini, shemeji? Ila dole langu linaogopa wino. Nionyeshe kwanza kwenye karatasi nyingine kama hiyo. Andika jina lako penye langu, na langu penye lako."

Senzighe alicheka hadi akashika mbavu. Akaandika, akatia sahihi.

"Na muhuri je? Nisikie unavyolia."

Mwanasheria akaugonga, pwaa! Nakiete akatia dole, akaikunja karatasi, akaitumbukiza kifuani.

"Haya, sasa hati yenyewe," alisema Senzighe.

"Hiyo umeikataa."

"Nani kaikataa?"

"Wewe, shemeji. Mwakilishi wako nimekuamulia sasa hivi. Tena umeamua kutuchinjia lile dume lako jeusi. Mwanasheria, maini unayapenda?"

"Sana," alisema mwanasheria, muhuri ungali mkononi.